Upanga wa "Salahuddin" Uliotoka Dukani



Mwambie kijana yeyote akuchoree upanga wa Kiislamu. Atakuchorea kitu kilichopinda kama mwezi mchanga, kipana huko mbele, mpini wa dhahabu, na pengine ataongeza nyota. Kisha mwambie akuchoree upanga wa wale Wafranki wa Msalaba waliokuja Sham. Atachora chuma kilichonyooka, kizito kama mtaimbo, chombo cha kubebwa na jitu la miraba minne. Picha hizi mbili tumezipata wapi? Madrasa hatukufunzwa. Katika vitabu vya wanachuoni hazimo. Tumezipata kwenye filamu na katuni, na siku hizi kwenye panga za mapambo zinazouzwa madukani zikiwa zimebandikwa majina ya mashujaa wetu.

Mimi nasomea uhandisi, na historia ni mapenzi tu. Kwa hivyo nataka tuliangalie jambo hili kwa njia ambayo pengine hatukuizoea. Tuchukue upanga mmoja wa kuigiza, tuupime kama fundi anavyopima kazi ya fundi mwenzake, kisha tuone unasema ukweli au unasema uongo juu ya wale tunaowaita wazee wetu.

Upanga wenyewe ni wa mzee mmoja wa mtaani kwetu. Aliletewa zawadi na jamaa yake aliyepita Toledo, Hispania, mji uliosifika kwa feleji tangu zama za kale na ambao leo umejaa maduka ya panga za kuuzia watalii. Umetundikwa sebuleni, na kikaratasi chake bado kipo: "Salahuddin". Ubapa umepinda, mpini una rangi ya dhahabu, na kuna vito vya plastiki vyekundu na vya kijani. Ukiutazama kwa mbali ni mashallah. Mzee aliniruhusu niushushe, akaniambia, "Haya mwanangu, lakini usinikwaruzie." Nikatoka nao uani.

Kitu cha kwanza ni uzani. Niliutundika kwenye mizani ya jirani anayeuza samaki, ukasoma kilo mbili na robo. Kitu cha pili ni mahali unapokaa sawa. Unaulaza juu ya kidole kimoja, unausogeza taratibu mpaka usielemee huku wala kule. Huu ulikaa sawa sentimita 23 kutoka penye kikingio, yaani kile chuma kilichokaa msalaba kati ya mpini na ubapa. Kitu cha tatu ni unene. Nilipima karibu na mpini nikapata milimita nne, nikapima karibu na ncha nikapata milimita nne zile zile. Umekatwa kutoka bamba moja la chuma, ukapindwa, ukasuguliwa mpaka ukang'aa, basi.

Nilipouinua mbele yangu na kujaribu kuugeuza kulia na kushoto, ulikuwa unanivuta mimi badala ya mimi kuuvuta. Ukishaanza kwenda upande mmoja hauzuiliki kwa urahisi, na mara ya kumi mkono ulikuwa ushaanza kutetemeka. Mpini una manundu ya mapambo yanayochoma kiganja. Na kila ulipokwenda ulisikika ukigongagonga ndani kwa ndani, kama mlango wa matatu mbovu.

Sasa, wengi wakishika chombo kama hiki husema, "Subhanallah, watu wa zamani walikuwa na nguvu!" Hapo ndipo uongo unapoingia. Wale walikuwa watu kama sisi. Chombo ndicho ambacho si cha zamani.

Upimaji wa panga asili zilizohifadhiwa katika makumbusho za Ulaya umefanywa kwa miaka mingi. Mwingereza Ewart Oakeshott, aliyefariki mwaka 2002, alitumia maisha yake kuzipanga kwa aina, na vitabu vyake ndivyo wapenzi wa fani hii wanavyoanzia. Peter Johnsson, mhunzi wa Sweden, huenda makumbusho akapima upanga wa kale hatua kwa hatua, unene wake kila mahali, uzani na mahali unapokaa sawa, kisha hurudi karakanani kwake kuufua upya. Upanga wa kawaida wa mkono mmoja, wa karne ya 11 hadi ya 14, ulikuwa na uzani wa kilo moja hadi kilo moja na nusu hivi. Mingi haikufika hata hapo juu. Mahali pa kukaa sawa palikuwa mara nyingi sentimita 8 hadi 15 kutoka kwenye kikingio. Na unene haukuwa mmoja: milimita tano au sita karibu na mpini, ukipungua polepole mpaka milimita mbili au tatu huko mbele.

Ukitaka kufahamu kwa nini jambo hili ni kubwa, chukua ufagio wa mti mrefu. Ushike mwisho wa mti, kichwa kiwe mbele, ujaribu kuuzungusha hewani. Kisha ugeuze, ushike karibu na kichwa. Uzani ni ule ule, lakini mkono utakwambia ni vitu viwili tofauti. Mhunzi wa zamani alilijua hilo bila kwenda chuo kikuu. Alipunguza chuma mbele, akachimba mfereji katikati ya ubapa ili uwe mwepesi bila kulegea (ati ule mfereji ni wa kupitisha damu, hiyo ni hadithi ya barazani), halafu akaweka kirungu cha chuma nyuma ya mpini ili kivute uzani urudi mkononi. Kwa hivyo kile kirungu kinachoonekana kama pambo kilikuwa na kazi. Katika upanga wa mzee, kirungu ni madini mepesi yaliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi. Hakivuti chochote.

Nikauliza ule mgongano wa ndani unatoka wapi. Nilikishika kirungu nikakizungusha, na kumbe ni skrubu. Msuka, yaani ule ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini, haukuwa sehemu ya ubapa. Ni kijiti cha nati kilichochomelewa penye mwanzo wa ubapa, chembamba kuliko kidole changu kidogo. Katika upanga asili msuka na ubapa ni chuma kimoja. Unapita ndani ya mpini, unatokea nyuma ya kirungu, unagongwa kwa nyundo mpaka unajikunja kichwa, na hapo hautoki tena. Ukiupiga upanga wa mzee kwenye gogo kwa nguvu, ubapa utaruka peke yake, na Mungu ndiye ajuaye utamwangukia nani. Wenye kujua wanaonya kila siku juu ya panga za ukutani za namna hii: ziacheni ukutani.

Chuma chenyewe ni stenlesi. Stenlesi nzuri ni nzuri kwa kijiko na kisu cha jikoni, kwani haishiki kutu. Lakini kwa ubapa mrefu unaopigwa na kupindika, stenlesi za kawaida si chaguo la fundi wa panga, maana ni rahisi kuvunjika. Wanaotengeneza nakala za kutumika hutumia feleji ya kaboni, mfano wa ile ya springi za gari, wakaitia moto, wakaizima kwenye mafuta, kisha wakaipasha tena kidogo ili iwe ngumu bila kuwa kama kioo. Ubapa ulioshughulikiwa hivyo ukiupinda kiasi hurudi wenyewe. Huu wa mzee, wallahi sikuthubutu kuupinda.

Sitaki mtu afikiri nakidharau kitu cha mzee. Kama pambo, ni pambo. Mtu haulizi picha ya jahazi kama inaelea. Ila lile jina lililoandikwa pale ni dai la kihistoria, na dai lina haki ya kuulizwa.

Upanga wa zama za Salahuddin

Salahuddin Al-Ayyubi alifariki mwaka 1193, miaka sita baada ya vita vya Hittin vya Julai 1187. Katika zama hizo majeshi ya Waislamu wa Sham na Misri yalikuwa yakitumia sana panga zilizonyooka, zenye makali pande mbili. Vitara vilivyopinda vilikuwepo kwa wapanda farasi wa Kituruki, lakini vilienea na kutawala baadaye, chini ya Mamluki kuanzia karne ya 13. Na ule upanga unaopanuka mbele, ambao wachora katuni wanaupenda, asili yake iko karibu zaidi na vitara vya Kiuthmani vya karne ya 15 na kuendelea. Nenda nyuma zaidi utakuta ni yale yale. Panga nyingi za kale zilizohifadhiwa katika kasri la Topkapı huko Istanbul, zikiwemo zile zinazonasibishwa na Mtume (S.A.W.) na masahaba, zimenyooka.

Hata Kiswahili chetu kinalijua jambo hili. Wazee walitofautisha kitara, kilichopinda, na upanga wa feleji, yaani ule mrefu ulionyooka wenye makali pande mbili, ambao Waarabu wa Oman waliutembeza katika pwani hii. Mwenye Kiswahili cha babu yake asingedanganywa na kile kikaratasi cha dukani.

Basi hadithi ya uzito kwa Wafranki na wepesi kwa Waislamu imetoka wapi? Sehemu yake kubwa ni riwaya. Mwaka 1825 mwandishi wa Uskochi, Walter Scott, alichapisha The Talisman. Humo mfalme Richard anakata fimbo ya chuma kwa upanga wake mkubwa, na Salahuddin anajibu kwa kukata mto laini na kitambaa chepesi kwa kitara chake. Kisa kitamu, na kimerudiwa kwa miaka 200. Lakini Richard na Salahuddin hawakukutana ana kwa ana hata siku moja. Walipelekeana wajumbe tu. Na ukikitazama vizuri, kisa kile kinatusifu kwa mlango wa mbele na kutupunguza kwa mlango wa nyuma: wao wamepewa nguvu, sisi tumepewa ujanja. Sisi nasi tumekipokea, tukakiweka mpaka ukutani.

Anayetaka habari za mtu aliyeshika upanga kweli, amsome Usama ibn Munqidh, amiri wa Shayzar aliyezaliwa 1095 na kufariki 1188, aliyewaona Wafranki vitani na akakaa nao katika amani. Anasimulia kwamba aliwahi kumpiga adui aliyemjia na kisu, upanga ukakata kisu na mkono pamoja, na makali yakabaki na pengo dogo. Fundi mmoja akajitolea kuliondoa. Usama akakataa, kwa kuwa lile pengo ndilo jambo bora kabisa katika upanga ule. Hapana vito wala dhahabu katika kisa hiki. Sifa ya chombo ni kazi kiliyoifanya.

Elimu ya kupima panga

Jambo lililonishangaza zaidi katika kusoma kwangu ni kwamba hii kazi ya kupima upanga, ambayo leo twaiona ni mchezo wa Wazungu wenye muda mwingi, ilikuwa ni elimu iliyoandikwa kwa Kiarabu karne ya 9. Ya'qub ibn Is'haq Al-Kindi, yule mwanafalsafa aliyefariki mnamo 873, aliandika risala nzima juu ya panga na aina zake, akamwandikia Khalifa Al-Mu'tasim aliyetawala kuanzia 833 hadi 842. Alianza na chuma kabla ya majina. Kuna chuma kigumu, shaburqan, alichokiita cha kiume. Kuna kilaini, narmahan, cha kike. Na kuna fuladh, feleji iliyotengenezwa kwa kuyeyushwa. Kisha akazipanga panga kwa ubora na kwa nchi: za Yemen, za Hindi, za Sarandib ambayo leo ni Sri Lanka, na nyinginezo. Panga bora aliziita atiq, "za kale", lakini akafafanua kwamba neno hilo halihusu umri. Upanga uliofuliwa jana waweza kuwa atiq ukiwa na sifa, na wa miaka mia usiwe.

Na katika orodha yake zimo panga za Kifranki. Alizieleza kwa makini: mapana karibu na mpini, membamba kwenye ncha, na mfereji mpana katikati. Hakuzidharau kwa sababu ni za watu wengine. Ibn Fadlan naye, aliyetumwa na Khalifa kwenda mto Volga mwaka 921, alipowaona Warusi wa wakati ule aliandika kwamba panga zao ni pana, zina mifereji, na ni za Kifranki. Maana yake katika Baghdad msomi alijua upanga wa Kifranki ukoje. Al-Biruni, katika karne iliyofuata, aliongeza jambo la kiufundi hasa: Warusi waliunganisha chuma kigumu kwenye makali na kilaini katikati, kwani feleji ile ya kuyeyushwa haikustahimili baridi ya nchi zao.

Sasa tufike kwenye neno "Damascus", ambalo ndilo linalouza panga za kuigiza kuliko jina lolote. Feleji ya asili yenye jina hilo ilitokana na vipande vya feleji ya kuyeyushwa kutoka kusini mwa Bara Hindi na Sri Lanka, na mawimbi yake yalijitokeza kutoka ndani ya chuma chenyewe wakati wa kufuliwa. Ufundi huo ulipotea. Katika miaka ya 1990 mwanasayansi John Verhoeven na mhunzi Alfred Pendray wa Marekani walifanikiwa kutengeneza feleji inayofanana nayo, wakaonyesha kwamba chembe ndogo mno za madini kama vanadi ndizo zinazosaidia mawimbi kutokea. Inayouzwa leo kwa wingi kama "Damascus" ni kitu kingine: vyuma vya aina mbili vilivyopangwa tabaka kwa tabaka, vikaunganishwa na kuchovywa kwenye asidi. Ni ufundi halali na wa kale pia, ila si ule. Na ya bei rahisi kabisa mawimbi yake yamechorwa juu juu tu. Dawa ya kuigundua ni kuisugua kidogo mahali pasipoonekana, kisha kuitia asidi tena: kama mawimbi hayarudi, umeuziwa picha.

Ujanja wa jina si wa leo. Takriban panga 170 zenye jina Ulfberht zimepatikana Ulaya, za karne ya 9 hadi ya 11. Mtaalamu wa metali Alan Williams alipozichunguza baadhi yake alikuta nyingine ni za feleji safi yenye kaboni nyingi, na nyingine, zenye herufi na alama zilizopangwa tofauti, ni za chuma duni. Watu walikuwa wakiuziana alama feki miaka elfu iliyopita.

Sasa kama mtu ataniuliza, ni upanga gani wa kuigiza unaofaa kutundikwa katika nyumba ya Kiislamu, nitamjibu jibu ambalo huenda akalikataa mwanzoni: upanga wa Kifranki. Lakini si wowote. Kuna panga za Ulaya zilizoingia Misri wakati wa Mamluki, nyingine kama ngawira, nyingine kama zawadi na kodi, hasa kutoka Cyprus. Mfalme wa Cyprus aliuvamia mji wa Iskandaria mwaka 1365 akaupora; mwaka 1426 jeshi la Sultan Barsbay likaenda Cyprus na kumteka mfalme wake, Janus. Panga hizo ziliwekwa katika ghala la silaha la Iskandaria, na mafundi wa pale wakazichonga maandishi ya Kiarabu kwenye ubapa. Baadhi ya maandishi hayo hueleza kwamba upanga huu ni hubs, yaani umewekwa wakfu katika ghala la mji huo wa mpakani. Hawakuzivunja, wala hawakuziyeyusha. Zilikuwa panga nzuri, wakaziandika jina na kuzitunza.

Waturuki wa Kiuthmani walipoichukua Misri mwaka 1517 nyingi zilipelekwa Istanbul, na kutoka huko nyingine zikatawanyika. Leo zipo Istanbul, zipo Toronto katika makumbusho ya Royal Ontario, na upo mmoja katika makumbusho ya Royal Armouries huko Leeds, Uingereza, wenye maandishi ya mwaka 1432. Wahunzi wa sasa huzitengenezea nakala. Nakala nzuri ya upanga wa namna hiyo haina kito hata kimoja. Ubapa umenyooka, kikingio ni chuma kitupu, mpini umefungwa ngozi, na ukiulaza juu ya kidole unakaa sawa karibu na mkono. Ukiuona ukutani kwa mtu utadhani ni wa askari wa Msalaba, mpaka usogee karibu usome maandishi.